Aliyejua Uso Mmoja

Kijana mmoja wa Kilindini, Mombasa, alitaka kuwa mchoraji wa sura za watu kwa rangi za mafuta. Alitafuta chapa ya picha maarufu ya Johannes Vermeer, ile ya msichana mwenye hereni ya lulu iliyochorwa yapata mwaka 1665, akaanza kuinakili. Alijifunza mengi ya maana: kuanza na rangi iliyolainishwa kwa tapentaini, kuzidisha mafuta kila tabaka linalofuata ili picha isipasuke, na kuwa na subira, maana mafuta hayakauki upesi kama maji. Nakala ya kwanza ilimfunza. Zilizofuata zilimlevya. Mtaa ulimsifu, naye akaona hana haja ya kumketisha mtu mbele yake.

Ndipo familia moja ya Mji wa Kale ikamwita amchore babu yao, aliyefanya kazi ya ukuli bandarini hadi uzeeni. Mzee akaketi barazani, jua likimpiga upande wa kulia, na ukuta mweupe ukimrudishia mwanga chini ya kidevu. Kijana hakuyaona hayo. Alitia mwanga kushoto, kama Vermeer, na mashavu meusi ya mzee akayapaka uwaridi wa msichana wa Kiholanzi. Picha ilipofunuliwa, mjukuu akauliza, "Babu, huyu ni nani?"

Nakala zake hazikuwahi kuulizwa swali hilo, kwa kuwa hakuna aliye hai anayemjua yule msichana. Hata kiza kilicho nyuma yake hakikuwa hivyo mwanzoni: mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba palikuwa na pazia la kijani, likafifia kwa miaka. Kijana alikuwa amenakili hadi uchakavu.

Mchoraji Elimo Njau, mmoja wa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, aliwaonya wasanii kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Lakini mchoraji Rubens, akiwa amepita umri wa miaka 50, alinakili picha ya Adamu na Hawa ya mchoraji Titian huko Madrid; akambadilisha Adamu mkao, akaongeza na kasuku. Huyo alinakili huku akifikiri.

Nawe unayeanza, nakili, si aibu. Ila kila kivuli kiulize kimetoka wapi, na nakala ikikauka, mwombe jirani akuketie. Uchoraji wa sura hupimwa kwa uso ambao wenyewe wapo, wanaoweza kusema ni yeye au siye.