Mbio za Siku ya Kumi na Mbili

Picha iliyozunguka dunia ni ya Novemba 4, 2007. Paula Radcliffe wa Uingereza ameshinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 9, na sasa amempakata bintiye Isla ambaye hajatimiza hata miezi kumi. Magazeti yalishangilia: Januari amejifungua, Novemba ameibuka bingwa. Wanawake wengi walioisoma habari ile walipiga hesabu ya haraka, kisha wakajitazama na kujiuliza wao wamekwama wapi.

Kilichotokea kati ya Januari na Novemba hakikupigwa picha. Radcliffe ndiye aliyekuwa mwanamke mwenye kasi kuliko wote katika marathoni. Rekodi yake ya dunia ya 2:15:25, aliyoiweka London mwaka 2003, ilidumu hadi Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja mwaka 2019. Alikuwa na wataalamu wa kumwangalia ambao mzazi wa kawaida hawezi hata kuwaota. Wakati wa ujauzito aliendelea kukimbia. Uchungu wake ulipita siku nzima. Na siku ya kumi na mbili baada ya kujifungua, akavaa viatu akatoka kukimbia.

Mgongo ukaanza kumuuma chini ya kiuno. Vipimo vilionyesha ufa kwenye mfupa ule ambapo uti wa mgongo unaungana na nyonga. Mazoezi yakasimama, mipango ya mwaka ikavurugika, mashindano ya dunia ya Osaka mwezi Agosti yakampita. Aliporudi mwishoni mwa Septemba, kwenye nusu marathoni ya Great North Run kaskazini mwa England, alishika nafasi ya pili nyuma ya Kara Goucher wa Marekani. New York ikafuata. Radcliffe mwenyewe hakuficha kwamba alirudi mapema mno na kwa nguvu mno, lakini maneno hayo yamesomwa na watu wachache kuliko walioiona picha.

Ufa wa aina ile hauji kwa kuanguka. Hujijenga polepole, kishindo baada ya kishindo, kwenye mfupa ambao haukupewa muda wa kujikarabati. Kila mguu wa mkimbiaji unapotua, ardhi humrudishia nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wake. Kwa mtu aliyejizoeza si tatizo. Mzazi ana hesabu nyingine: ananyonyesha, homoni ya estrojeni imeshuka, na sehemu ya kalsiamu iliyomo kwenye maziwa inachotwa kutoka mifupa yake mwenyewe, hasa ya mgongo na nyonga. Mtoto akishaachishwa ziwa mifupa hujijaza tena. Kabla ya hapo mama anakimbia kwa mifupa iliyotoa mkopo ambao haujarudishwa. Weka juu yake usingizi wa kukatikakatika, na chakula kisichotosha. Kunyonyesha peke yake kunadai takribani kalori 500 za ziada kwa siku, kwa hiyo anayejinyima ili tumbo liishe huku akikimbia anakata pande mbili kwa wakati mmoja.

Mama wa Dar es Salaam haandikwi gazetini, ila tunamfahamu. Amejifungua mtoto wa pili, arobaini imetimia, nguo za kazini hazifungi, na likizo inaelekea ukingoni. Kwenye kundi la WhatsApp la klabu ya jogging wenzake wanatuma picha za alfajiri: fulana za rangi moja, kiitikio, mchakamchaka barabara nzima. Shoga yake anamwandikia, "U-mama kijacho umekwisha, rudi barabarani kabla tumbo halijakuzoea." Anarudi. Kilometa za kwanza hazimuumi popote, na hapo ndipo anaponaswa, maana anaamini kwamba asiyeumwa amepona.

Wiki chache baadaye anagundua kwamba wanapofika kwenye wimbo ule wa kurukaruka na kupiga mguu chini kwa pamoja, mkojo unamponyoka. Anavaa pedi. Anapunguza kunywa maji kabla ya kutoka, jambo baya kwa mtu anayenyonyesha katika joto la Dar. Anahamia suruali nyeusi. Kwa aibu hamwambii mtu, na siku anapojikaza kumwambia mama yake anajibiwa, "Ndiyo kuzaa huko, mwanangu, zoea." Mwezi mwingine unapita. Sasa kila jioni anahisi uzito ukeni, kana kwamba kuna kitu kinataka kushuka. Hajidanganyi. Huenda kizazi kimeanza kushuka.

Kutoka kwenye mfupa wa kinena mbele hadi kitokono nyuma imetandazwa misuli inayobeba kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mkubwa. Wataalamu huiita sakafu ya nyonga. Mimba huilemea kwa miezi tisa na uzazi wa kawaida huivuta kupita mipaka yake ya kila siku. Aliyepasuliwa naye asijione amenusurika: mimba aliibeba ile ile, na ana mshono uliopita tabaka kadhaa kabla ya kukifikia kizazi. Ngozi hufunga mapema na kumdanganya. Utando mgumu wa ukuta wa tumbo, chini ya ngozi hiyo, ukifika wiki ya sita umerudisha zaidi kidogo tu ya nusu ya nguvu zake, na kazi ya kupona huendelea hadi mwezi wa sita au wa saba.

Hapa niwatetee wazee. Arobaini waliyoiweka ina akili. Katika muda huo damu ya nifasi hukoma, kizazi hurudi kwenye ukubwa wake, na hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, ambayo huwa kubwa wiki za mwanzo, hupungua. Mzazi analishwa: mtori kwa Wachagga, uji wa pilipili manga kwingineko. Hanyanyui mzigo. Kosa ni letu sisi tulioigeuza siku ya kutoka ndani kuwa siku ya kuanza mbio. (Kwenye kufunga tumbo siwatetei sana. Kanga iliyofungwa kwa kiasi humpa mzazi msaada anapoinuka. Iliyokazwa hadi anapumua kwa shida haiyeyushi mafuta yoyote, na shinikizo lake huteremka kwenye sakafu ile ile iliyochoka.)

Mwaka 2019 wataalamu watatu wa fiziotherapia wa Uingereza, Tom Goom, Gráinne Donnelly na Emma Brockwell, walitoa mwongozo kuhusu wanawake wanaorejea kukimbia baada ya kujifungua. Kiini chake ni kwamba kukimbia kusubiri angalau miezi mitatu, na kuanza kati ya mwezi wa tatu na wa sita, au baadaye zaidi, ikiwa hakuna dalili mbaya. Linganisha na sheria yetu ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004, inayompa mama siku 84 za likizo. Hizo ni wiki 12 kamili. Hata kama likizo ilianza siku ile ile ya kujifungua, mama anarudi ofisini wakati ambapo mwongozo ndiyo kwanza unamruhusu kufikiria kukimbia. Asishangae basi mwili ukimgomea siku ya kwanza aliyopanga kukimbia baada ya kazi.

Miezi mitatu hiyo ina kazi zake. Kutembea kunaweza kuanza siku za mwanzo kabisa, kwanza ndani ya nyumba, halafu hadi dukani, halafu nusu saa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wanawake waliojifungua wasio na tatizo la kiafya wafikishe taratibu angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Zoezi la sakafu ya nyonga, lililoenezwa na daktari wa Marekani Arnold Kegel mwishoni mwa miaka ya 1940, halihitaji uwanja wala raba. Mama anakaza kana kwamba anazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, anavuta kwenda juu huku akiendelea kupumua, anashikilia kwa sekunde chache, analegeza kabisa, anarudia. Baada ya muda anafikia sekunde kumi, mara kumi, mara tatu kwa siku. Kulegeza ni nusu ya zoezi. Na asijizoeze kwa kukata mkojo katikati akiwa chooni, kwani hilo linaweza kukivuruga kibofu.

Tumbo nalo hukaguliwa nyumbani. Mama analala chali, anakunja magoti, anainua kichwa kidogo na kupapasa kwa vidole juu ya kitovu. Akiona bonde linalomeza zaidi ya vidole viwili, au mwinuko unaotokeza katikati kama tuta, misuli imeachana na bado haijakutana. Mazoezi ya kuinuka kitako mara mia, ambayo kila mtu humshauri, yaahirishwe. Aanze na pumzi za ndani, kuinua kiuno akiwa amelala, kuchuchumaa na kusimama, kuinua visigino.

Ukifika wakati wa kukimbia, asiulize kalenda peke yake. Mwongozo ule wa 2019 unapendekeza mama ajaribu kutembea kwa dakika 30, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, kuchuchumaa kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, kukimbia papo hapo dakika moja, kisha kuruka kwa mguu mmoja mara 10. Yote hayo bila maumivu, bila mkojo kuvuja, bila uzito ukeni. Akishindwa moja, anaendelea na mazoezi ya nguvu na kujaribu tena baadaye. Akifaulu, anaanza kwa dakika moja ya mbio na mbili za kutembea, na siku hiyo asifanye zaidi hata kama mapafu yanamruhusu. Mapafu hupona haraka kuliko vingine, na ndiyo yanayoponza. Amnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka ili matiti yawe mepesi, avae sidiria inayobana vizuri, abebe maji. Wako watakaomwambia maziwa yanachacha mama akikimbia. Hayachachi.

Wakenya wana mfano mzuri kuliko ule wa New York. Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 2016, alijifungua kwa upasuaji mwezi Juni 2018. Alirudi mashindanoni mwishoni mwa Juni 2019, mwaka mzima baadaye, akashinda. Miezi mitatu mbele akachukua fedha kwenye mashindano ya dunia Doha, na mwaka 2021 akaitetea dhahabu yake ya Olimpiki huko Tokyo. Mwaka 2023 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500, ya 3:49.11, akiwa mama wa mtoto anayekaribia miaka mitano. Mwaka ule mmoja wa kusubiri haukumpunguzia kasi.

Lakini wanaokimbia kwa kupenda ni wachache kati ya wanawake ninaowaandikia. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mzazi wa kijijini anajitwika wiki ya pili au ya tatu kwa sababu hakuna mwingine wa kwenda kisimani. Sakafu ya nyonga haitofautishi mbio na ndoo. Mume anayejisifu kwamba mkewe "amepona upesi, tayari anachota maji" aelewe anasifu kile kile kilichompasua mfupa Radcliffe, yaani haraka. Likizo ya baba ni siku tatu kwa sheria ile ile ya kazi, ila hakuna sheria inayomkataza kubeba dumu baada ya hizo.

Ziko dalili ambazo hazisubiri mwezi wa tatu wala ushauri wa shoga. Damu iliyokwisha kukoma ikarudi nyingi. Mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya ugoko, au kifua kubana. Maumivu ya mfupa yanayokaa sehemu moja na kuzidi kila unapokanyaga. Na mkojo unaotiririka muda wote, usiku na mchana, hata bila kukohoa wala kuruka: hiyo huenda ikawa fistula, hasa kwa aliyekaa na uchungu muda mrefu, na haiondoki kwa mazoezi. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huitibu bila malipo.

Kwenye kliniki ya siku ya 42 mtoto atapimwa uzito, kadi itajazwa, mama ataulizwa habari za uzazi wa mpango. Habari za mkojo mara nyingi haulizwi. Basi aseme mwenyewe, kabla hajainuka kitini: "Nesi, nikikohoa mkojo unanitoka, na jioni nahisi uzito huku chini. Nataka kupimwa." Akijibiwa kwamba ndiyo uzazi ulivyo, aombe barua ya rufaa kwa daktari wa wanawake au mtaalamu wa fiziotherapia, na asiondoke bila hiyo barua.