Fedha ya Simoni

Simoni wa Samaria alikuwa mtu mwenye jina mjini kwake. Katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume anawaona mitume wakiwawekea watu mikono, naye anatoa fedha apewe uwezo huo. Petro anamkatalia palepale, mbele ya watu.

Wapendwa wa Bengamisa, habari ya fedha na mamlaka haianzii mbali nasi. Februari 1887, huko Zanzibar, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip, alipatana na mpelelezi Stanley. Mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa akawa liwali wa Stanley Falls, Kisangani yetu ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, chini ya bendera ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Mfalme aliijua vizuri biashara ya mtu huyo. Lakini kituo chake cha Falls kilikuwa kimempotea mwaka uliotangulia, akaona heri kumpa cheo mwenye nguvu. Kutoka mto Lindi hadi mto Aruwimi, hakuna mzee aliyeulizwa kama anamtaka.

Sisi tuliulizwa, kwenye uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Ndiyo maana inaniuma. Wakati wa kampeni mama ananyoosha mkono apokee chumvi, kipande cha sabuni, fulana yenye picha ya mgombea. Simlaumu, sufuria yake inamngoja nyumbani. Namlaumu aliyepakia chumvi ile garini akiijua njaa yake. Si dhambi mfanyabiashara kugombea, ila anayenunua kura anahesabu mtaji, na mtaji huo ataudai kwenye dawa za kituo cha afya na mshahara wa mwalimu.

Januari 2024 tume ya uchaguzi yenyewe, CENI, ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na rushwa, wakiwemo mawaziri. Aprili wabunge wa majimbo wakachagua maseneta na magavana. Hapo wapiga kura ni wachache, na kishawishi cha kumfuata mmoja mmoja na bahasha ni kikubwa zaidi.

Simoni, baada ya kukemewa, alimsihi Petro amwombee. Jumapili hii, kwenye maombi ya waamini, tumwombee aliyetoa na aliyepokea. Wabunge wetu tuwataje kwa majina, na baada ya misa tukae tuandike barua ya kuwauliza wamefanya nini tangu tuwatume.