Kitu Huwa Chako Lini?

Watu huuliza kitu kimetoka wapi wakidhani jibu litawaambia pia ni cha nani. Kasri la Golestan, Tehran, linanifanya nisikubali.

Naser al-Din Shah alitawala Uajemi tangu 1848 hadi alipouawa mwaka 1896. Kabla hajakanyaga Ulaya, alitamani jengo refu kama yale aliyoyaona kwenye picha za huko. Ndani ya Golestan likajengwa Shams-ol-Emareh, lililokamilika 1867: orofa tano, minara miwili na saa katikati, juu ya mji wa nyumba fupi. Sogea ukutani uone. Vigae vimepakwa rangi kwa mkono na kuchomwa kwa ufundi wa kale wa Kiajemi, ila rangi za waridi na manjano zimejaa kuliko ilivyozoeleka misikitini, na katikati ya maua ya kienyeji imechorwa mandhari ya Ulaya. Ndani ya kasri, kuta na dari za kumbi zimefunikwa vipande vidogo vya vioo, vilivyokatwa pembe kwa pembe na kupangwa kwa hesabu kali, hata mwanga wa taa moja ukatawanyika kila upande. Mtindo wa madirisha na ngazi ni wa kigeni. Mkono ulioupokea ni wa Kiajemi, na ulijua unachofanya.

Naamini kitu huwa chako pale unapoweza kukikata, kukipanga upya, na ukitaka, kukikataa. Kilikotoka si hoja. Anayelaumu kasri hili kwa kukosa usafi wa asili anauliza swali dogo, kwani hata sanaa tunazoziita asilia zilipokea mengi kwa majirani.

Swali kubwa ni nani aliyeamua. Shah huyohuyo mwaka 1872 alimkabidhi Baron Julius de Reuter haki za reli na sehemu kubwa ya migodi ya nchi, akalazimika kuzifuta mwaka uliofuata. Mwaka 1890 akampa Mwingereza ukiritimba wa tumbaku yote. Hapo hapakuwa na cha kupanga upya: masharti yalikuwa ya mgeni. Fundi wa vioo alikuwa na uhuru ambao bwana wake aliuuza.

Fatwa ya kuharamisha tumbaku ilipotoka 1891, wananchi waliacha kuivuta, na inasimuliwa kuwa hata wake za Shah waliweka buruma kando. Mkataba ukafutwa 1892. Fidia ilikuwa pauni 500,000, na Uajemi ilizikopa.