Samaki wa Kigombe na Madaftari Mawili



Liko swali ambalo vijana wa darasa la kipaimara huliuliza karibu kila mwaka, nao huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu. Shuleni wanafundishwa kwamba mwanadamu ametokana na viumbe waliomtangulia, kwa muda wa mamilioni ya miaka. Kanisani wanasikia kwamba Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi ya nchi. Je, katika mtihani waandike lipi? Na jibu wanalopewa na wakubwa wao mara nyingi ni hili: shuleni andika ya shule, kanisani sema ya kanisa. Yaani mtoto awe na madaftari mawili, na asiyafungue yote kwa wakati mmoja.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, nami nasema kwamba jibu hilo ni baya. Halina ubaya wa kupendelea sayansi, wala wa kupendelea dini. Ubaya wake ni kumfundisha mtoto kwamba ukweli hupimwa kwa kumtazama anayesikiliza: mwalimu apewe wake, Padre apewe wake, na kila mmoja aende zake ameridhika. Mtoto aliyezoezwa hivyo akiwa na miaka kumi na mitano, siku akiwa mtunza hazina wa ushirika atafanyaje na vitabu vya hesabu?

Hapa kwetu tunacho kitu cha kutusaidia kulifikiri jambo hili, tena kimetoka katika bahari yetu wenyewe. Nasema juu ya samaki aitwaye silikanti. Wataalamu walimjua kwanza kwa visukuku, yaani mabaki yake yaliyogeuka kuwa jiwe, wakasema ukoo wake ulikwisha kutoweka kama miaka milioni 66 iliyopita, wakati wa kutoweka kwa dinosaria. Kumbe mwezi wa Desemba 1938 mmoja alinaswa na meli ya uvuvi karibu na mji wa East London, Afrika Kusini. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji ule, alimwona katika rundo la samaki akamhifadhi, na mtaalamu J.L.B. Smith akamtambua. Wa pili alijulikana mwaka 1952 huko Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimwita gombessa siku zote, wala hawakuwa na habari kwamba ametoweka. (Nawapenda sana wavuvi wale.)

Kwetu Tanzania alivuliwa mwaka 2003 upande wa Kilwa. Tangu 2004 majarife ya papa yaliyotegwa katika maji ya kina hapa Tanga, hasa upande wa Kigombe, yakaleta makumi ya samaki hao kwa muda wa miaka michache. Mwaka 2009 Serikali ikatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake, kuanzia kaskazini ya mto Pangani hata kupita kidogo mji wa Tanga. Ni samaki mkubwa, aweza kufikia urefu wa mtu. Mapezi yake yana nyama na mifupa ndani, kama mkono mfupi, naye huyapeleka kwa zamu, la kuume na la kushoto, mfano wa mnyama anayetembea.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsikia mhubiri mmoja mgeni, katika mkutano wa vijana, akimleta samaki huyu kuwa shahidi. Alisema: wanasayansi wanatuambia samaki aligeuka kuwa mtu; mbona huyu wa Kigombe bado ni samaki? Vijana wakapiga makofi kwa nguvu.

Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini si kweli. Hakuna mtaalamu anayesema kwamba silikanti ndiye babu yetu. Wanasema yeye nasi tuna asili moja ya mbali sana, kisha koo zikaachana. Ikiwa babu yako alihama Lushoto akaja kukaa Tanga, je, utashangaa kwamba Lushoto bado kuna Wasambaa? Wala si kweli kwamba samaki huyu hakubadilika hata kidogo. Visukuku vya jamaa zake wa zamani havifanani naye katika kila jambo, na huko Indonesia imejulikana tangu miaka ya 1990 kwamba yuko silikanti wa aina nyingine. Mwaka 2013 wataalamu waliposoma urithi uliomo katika chembe za mwili wake, waliona kwamba amebadilika polepole, si kwamba amesimama. Tena waliona kwamba samaki aliye karibu zaidi na wanyama wenye miguu minne ni wa jamii ya kamongo, yule tunayemjua katika Ziwa Viktoria.

Mmoja wa vijana waliopiga makofi siku ile alikwenda chuoni kusoma baiolojia. Haukupita muda akajua kwamba hoja ya mhubiri haisimami. Na kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba hoja ile na Injili ni kitu kimoja, aliviacha vyote viwili. Leo ni mtu mwema, ana kazi nzuri, hunisalimia kwa heshima tukikutana barabarani. Kwenye Misa haji. Sidhani kwamba Darwin ndiye aliyemtoa kanisani.

Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 13, mtu yule mwenye taabu anawauliza rafiki zake kama wanakusudia kumtetea Mungu kwa maneno ya udanganyifu. Wale walidhani wanamsaidia Mungu, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakasirikia. Naye Mtakatifu Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alipokifafanua kitabu cha Mwanzo katika karne ya 5, aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi juu ya mbingu na viumbe mbele ya watu wenye maarifa, maana watu hao wakituona tumekosea katika mambo wanayoyajua, hawatatusadiki tunaposema habari za ufufuo. Agostino huyo huyo hakuzishika siku sita kuwa ni siku kama zetu za kuchomoza na kuchwa jua. Aliona, kama anavyoona kila msomaji makini, kwamba jua lenyewe linatajwa siku ya nne. Basi asiseme mtu kwamba tafsiri hiyo ilibuniwa juzi kwa kumwogopa Darwin.

Wengine husema mambo haya ni ya wapagani wa Ulaya. Louis Leakey alizaliwa mwaka 1903 pale Kabete, Kenya, katika misheni ya Kanisa letu la Anglikana, na baba yake alikuwa mmisionari. Mkewe, Mary, ndiye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai mwaka 1959. Na mwaka 1978 watu wake walifukua nyayo za Laetoli: viumbe waliotembea kwa miguu miwili katika majivu ya volkano yaliyolowa mvua, zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Kisigino kinaonekana, kidole gumba kinaonekana, kama nyayo za watu waliopita asubuhi ufukweni Raskazone. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa kule Nairobi walitaka mifupa ya namna hii iondolewe mahali pa mbele katika makumbusho. Sikuweza kuwaelewa. Tukisema Mungu ndiye aliyeifanya nchi, kwa nini tuogope yanayotoka ndani ya nchi?

Lakini na upande wa pili una lake la kujibu. Wako walimu wa sayansi ambao, wakimaliza kufundisha mageuzi ya viumbe, huongeza kwa kicheko: basi, Mungu wenu hana kazi. Hapo mwalimu ametoka katika somo lake. Baiolojia yaweza kunieleza jinsi mkono wangu ulivyopata mifupa yake. Haiwezi kuniambia kama yampasa muuguzi wa Bombo kukesha na mzee asiye na ndugu, ambaye hatapona wala hatalipa. Kukesha kule kuna sababu, na sababu hiyo haichimbwi Olduvai. Mwanafunzi anayo haki ya kumwuliza mwalimu wa namna hiyo, kwa adabu: Je, hilo ulilosema sasa hivi limo katika somo, au ni lako mwenyewe?

Sisemi kwamba yote ni mepesi. Mtakatifu Paulo anamweka Adamu mkabala wa Kristo, na kusema kwamba mauti iliingia kwa dhambi. Ikiwa wanyama walikuwa wakifa na kuliwa mamilioni ya miaka kabla ya mtu, tufanyeje? Mimi nakumbuka Zaburi ya 104, ambamo wana-simba wanaomba chakula chao kwa Mungu, na mwimbaji hakuliona jambo hilo kuwa aibu. Kwa hiyo naona kwamba mauti anayoisema Paulo ni ile ya mtu kujitenga na Mungu wake, nayo kila mmoja wetu anaijua bila kuonyeshwa mfupa. Lakini wako Wakristo wacha Mungu wasiokubaliana nami hapa, na sidai kwamba nimewafunga midomo. Nidaicho ni kwamba tubishane kwa hoja za kweli.

Na yule kijana wa mtihani? Aandike kile ambacho ushahidi umeonyesha, maana ndicho alichoulizwa, na akiandike kwa moyo mweupe. Kama dhamiri yake haijaridhika, anaweza kuandika "wataalamu wanaeleza kwamba", na hapo hajamdanganya mtu. Jumapili akija kukiri kwamba Mungu ni Muumba, halazimiki kulificha daftari la shule chini ya benchi.

Darasa la kipaimara litaanza tena baada ya Pasaka. Nimemwomba Padre tutenge Jumamosi moja, na mwalimu wa baiolojia, ambaye ni mshirika wetu, amekubali kuja na vitabu vyake. Wazazi pia mnakaribishwa. Vijana walete maswali yao, na safari hii wayaulize kwa sauti.