Kuwafuata Washindwao

Wazee wetu walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Neno hili twawafundisha watoto shuleni, nao huliitikia kwa sauti kubwa, hasa wale waliokwisha shinda. Lakini methali hii yamhusu mshindani mwenyewe. Haisemi lolote juu ya yule asimamaye kando ya kiwanja, asiyepiga mpira wala kuudaka, ila moyo wake umefungamana na timu fulani. Huyo naye akubali kushindwa mara ngapi? Mara moja ni adabu njema. Mara kumi ni uvumilivu. Mara mia moja na ishirini na moja tuiite nini?

Hesabu hiyo hatukuiokota njiani. Ndiyo hesabu ya michezo iliyopotezwa na timu ya White Sox ya mji wa Chicago, katika Marekani, mwaka 2024. Walishinda 41, wakashindwa 121, na tangu karne ya 20 ilipoanza hapana timu ya ligi kuu ya besiboli iliyopata kushindwa mara nyingi hivyo katika mwaka mmoja.

Twawaomba wasomaji ambao hawajauona mchezo huu watuvumilie kidogo. Besiboli huchezwa na watu tisa kila upande. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na mtu wa upande wa pili husimama na gongo la mti ajaribu kuupiga. Akiisha kuupiga hukimbia kuvizunguka vituo vinne, na akirudi salama pale alipoanzia amewapatia wenzake pointi moja. Pande hizi hupokezana zamu tisa. Timu za ligi kuu ni 30, na kila moja hucheza michezo 162, tangu mwisho wa Machi hata mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Katika michezo yote tuijuayo, huu ndio uliojaa kushindwa kuliko yote. Mpigaji afauluye mara tatu katika kumi husifiwa na kulipwa mali nyingi. Hata Dodgers wa Los Angeles, waliotwaa ubingwa mwaka huohuo wa 2024, walishindwa mara 64 kabla ya kufika kwenye michezo ya mwisho. Basi kushindwa si ajabu huko. Ajabu ni kipimo chake.

Nasi tuliingiaje katika habari za watu wa mbali? Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, anakaa upande wa kusini wa Chicago, kulekule kwenye kiwanja cha White Sox. Kazi yake ni kuwatunza wazee katika nyumba ya kuwalelea. Wazee wale husikiliza besiboli kila jioni, naye akishika mkono wa huyu na kumnywesha dawa yule, alijikuta anasikiliza pamoja nao, mwisho akashikwa kabisa. Mchezo uanzao saa moja ya jioni kwao huanza saa tisa ya usiku kwetu. Kwa hiyo tulipoamka na kuinjika chai, habari ilikuwa imekwisha fika katika simu: "Tumeshindwa tena, Mjomba."

Sisi tufundishao sarufi tuliliangalia sana neno lile. Hakuandika "wameshindwa", aliandika "tumeshindwa". Kwa haki gani mtu aliyekuwa akikunja mashuka ya wazee huku mchezo ukiendelea ajihesabu miongoni mwa walioshindwa? Hakurusha mpira. Hakulipwa senti. Lakini silabi ile moja, tu, ndiyo iliyobeba swali lote tunalotaka kulitazama leo.

Ilipofika katikati ya Julai, ligi nzima ilipumzika siku chache kama ilivyo desturi. Hapo White Sox walikuwa wameshinda 27 na kushindwa 71. Katika mapumziko hayo huchezwa mchezo mmoja wa wachezaji bora walioteuliwa, na sheria yataka kila timu iwe na mtu mmoja angalau. Twaipenda sheria hiyo. White Sox walipata mtu mmoja tu, mrushaji Garrett Crochet, akaenda Texas peke yake kuwasimamia wenziwe. Mapumziko yakaisha, na mambo yakazidi kuwa mabaya. Tangu tarehe 10 Julai hata tarehe 5 Agosti timu ilishindwa mara 21 mfululizo. Katika siku hizohizo wakubwa wa timu waliwatoa wachezaji kadhaa wakapata wengine vijana badala yao. Mmoja wa waliotolewa, Michael Kopech, alipelekwa Los Angeles, na mwezi wa Oktoba akawa bingwa. Mtu yuleyule, mkono uleule, mwaka uleule!

Hapa yatupasa kuungama. Kadiri ya tarehe 25 Julai tuliacha kujibu. Habari ilikuja alfajiri, tukaisoma, tukaiweka simu chini. Tena tulipoizungumza nyumbani tulisema, "Wameshindwa." Hatukupanga kuibadili silabi; ilibadilika yenyewe, kama mtu anayesogea kidogo kidogo katika benchi apate kuonekana hakuja pamoja na jirani yake.

Kwa nini moyo hufanya hivyo? Watu husema ni uchovu, lakini hatuamini. Tulikuwa na nafasi ya kutosha kusoma neno moja kila asubuhi. Twadhani ni hofu ya kuulizwa. Mwenye kuwafuata washindi akiulizwa sababu, sababu anayo mkononi: wanashinda. Ingawa ukimchunguza utaona kwamba haipendi timu, aupenda ushindi, na timu yoyote ingemfaa. Mwenye kuwafuata washindwao hana la kujibu. Apenda, basi, na mtu apendaye pasipo sababu huonekana mjinga mbele ya watu.

Lakini tusikimbilie kumsifu. Uko upande mwingine, nao ni mzito. Kwanza, uvumilivu nao una majivuno yake. Mtu aweza kuwafuata washindwao ili ajione yeye ni mwaminifu kuliko wengine, na hapo haipendi timu wala ushindi, ajipenda mwenyewe. Tena, na hili ni zito zaidi, uaminifu wa watu waweza kuwa malisho ya uzembe. Mwenye timu akijua kwamba watu watakuja hata akiwaletea wachezaji dhaifu, atahangaika kwa nini? Katika ligi ile timu ya mwisho haishushwi daraja kama ilivyo katika kandanda ya Uingereza. Yabaki palepale, na mlango wa kiwanja wafunguliwa mwaka ujao.

Watu wa Oakland, huko California, waliifahamu hatari hiyo. Mwaka 2023 timu yao, Athletics, ilikuwa mbovu sana, mwisho wa mwaka ikapoteza michezo 112, na mwenyewe alitaka kuihamisha akisema mji hauiungi mkono. Wapenzi wa timu wakapatana. Tarehe 13 Juni 2023, siku ya kazi ambayo kwa kawaida viti vingi vilikuwa vitupu, walikuja watu 27,759, wengi wamevaa fulana za kijani zenye neno moja kifuani: UZA. Waliwashangilia wachezaji na kumkemea mwenye mali katika usiku uleule. Hawakufanikiwa. Mwaka 2024 ndio uliokuwa wa mwisho wa timu ile katika Oakland. Lakini twaona walilitatua jambo linalowashinda wengi, yaani kumpenda ashindwaye pasipo kusema uongo juu ya sababu ya kushindwa kwake. Chicago nao walifanya vivyo. Tarehe 24 Septemba 2024, timu ikiwa imekwisha poteza michezo 120, watu walipaza sauti katika kiwanja chao, "Uza timu!" na usiku huohuo vijana wakashinda. Watu walewale wakafurahi. Asiyependa angekuwa amebaki nyumbani.

Kwa hiyo hatukubali kwamba uaminifu ni kunyamaza. Mwalimu ampendaye mwanafunzi wa mwisho darasani hamwambii kuwa ni wa kwanza.

Yuko mtu atakayesema, "Aibu ni kushindwa, mengine ni maneno ya kujifariji." Huyo twampeleka katika historia ya timu hiihii. Mwaka 1919 White Sox walikuwa miongoni mwa timu bora kabisa. Walifika fainali, wakashindwa na Cincinnati, na baadaye ikajulikana kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa wamepatana na wacheza kamari kuiuza michezo ile. Wachezaji wanane walishtakiwa. Baraza la wazee wa korti liliwaachilia mwaka 1921, lakini jaji Landis, msimamizi wa besiboli, aliwafukuza wote katika mchezo. Basi weka miaka miwili hiyo kando kwa kando. Ya 1919 ilikuwa na nguvu, ikauza kushindwa kwake. Ya 2024 ilikuwa dhaifu, na kila siku ilivaa nguo zake ikatoka kwenda kujaribu mbele ya watu waliokwisha kuicheka. Mtoto akituuliza ipi kati ya hizo ilimwaibisha mpenzi wake, hatutakawia kumjibu.

Kwa njia, wasomaji wetu watapenda kusikia kwamba Papa Leo wa 14, aliyechaguliwa Mei 2025, ni mzaliwa wa Chicago, na ndugu yake alishuhudia kwamba ni mpenzi wa White Sox. Mwaka 2005, timu ilipotwaa ubingwa, alikuwako kiwanjani katika mchezo wa kwanza wa fainali. Hatusemi kwamba jambo hili lathibitisha lolote.

Turudi kwenye habari yetu. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti simu haikuleta neno. Tulikuwa tumezoea kuipuuza, na kimya chake ndicho kilichotushtua. Tukatafuta habari wenyewe, tukaona: huko Oakland, White Sox wameshinda 5 kwa 1. Mfululizo umekatika! Tukafurahi kama watoto, tukamwandikia mpwa wetu mara moja, "Tumeshinda!"

Jibu lilikuja jioni. "Ndiyo, Mjomba. Wameshinda."

Tulilisoma neno lile mara nyingi. Siku ya Jumapili tukampigia simu. Mwanzoni alisema ni uchovu wa kazi za usiku. Baadaye akasema sawasawa. Mwezi wa Juni alikuwa ametuambia sisi peke yetu, si mama yake, kwamba ameshindwa mtihani wa uuguzi mara ya pili, na fedha ya kuufanya tena anaidunduliza. Tulimpa pole, tukaendelea na habari za mpira. Yeye aliendelea kutuletea matokeo kila alfajiri kwa kuwa, alisema, ilikuwa njia ya kubisha hodi pasipo kuzungumza habari za mtihani. Tulipoacha kujibu, alidhani tumechoka na mtu ashindwaye. "Nilijua si timu mliyochoka nayo," alisema.

Tulitaka kumwambia kwamba ilikuwa timu tu. Lakini tulikuwa tumekwisha fikiri sana juu ya silabi ile, na hatukuwa na hakika. Mtu ajizoezaye kugeuza uso mahali padogo, hujizoeza uso uleule anaouchukua mahali pakubwa. Tukaomba radhi. Akacheka, akasema hata kiongozi wa timu, Pedro Grifol, amefukuzwa siku mbili baada ya kushinda, kwa hiyo sisi tumepata nafuu. Sisi twaona Grifol alibebeshwa zaidi ya mzigo wake, kwani si yeye aliyewanunua wala kuwauza wachezaji. Lakini hilo tutaliacha.

Tangu siku ile tulianza kuuliza sisi kwanza. Baada ya ushindi ule wa Oakland yalibaki michezo 46, nao wakashindwa 33. Mtihani alirudi kuufanya mara ya tatu mwezi wa Novemba. Yaliyotokea ni habari yake mwenyewe, na mama yake anaijua, hatutaiandika hapa.

Usiku wa tarehe 27 Septemba timu ilicheza huko Detroit, ikashindwa mara ya 121. Kwetu ilikuwa Jumamosi, hakuna shule, lakini tuliamka mapema. Neno lilikuwa limekwisha fika: "Tumeshindwa, Mjomba."

Tukamjibu, "Tumeshindwa. Leo twacheza saa ngapi?"