Kofia ya Viua na Maji ya Wanga
Kofia ya viua, yaani ile kofia nyeupe ya Unguja, Lamu na pwani nzima ambayo nakshi zake hushonwa kwa mkono na kuachiwa vitobo vidogo vya kupitishia hewa, huonekana asubuhi ya Ijumaa au ya Idi ikiwa imesimama wima, na kusimama huko hakutokani na mshono peke yake bali hutokana pia na ufuaji. Mfuaji huiloweka katika maji ya sabuni isiyo kali ili jasho na mafuta ya nywele yalegee, kisha huisugua kwa vidole, kwa kuwa brashi ngumu huchakaza uzi. Dawa ya klorini, ambayo wengi huikimbilia kwa pupa, huleta weupe wa haraka huku ikiudhoofisha uzi wa pamba kila inapotumiwa.

Baada ya kusuuzwa, kofia huchovywa katika wanga, yaani uji mwepesi wa unga wa muhogo ambao chembe zake, zikipata joto, hunyonya maji na kuvimba, na zikikauka huacha utando mwembamba unaozishikamanisha nyuzi; ndipo huvishwa kwenye chombo cha mviringo kinacholingana na kichwa cha mwenyewe. Wanga ukizidi, kofia hukakamaa kama gamba. Ile ya kuwekwa kabatini kwa muda mrefu ni afadhali ihifadhiwe bila wanga, kwa sababu mende huufuata, na mende hatofautishi baina ya wanga na nakshi iliyomgharimu mshonaji wiki nyingi.