Usijifiche Nyuma ya Neno "Sistahili"

Wajukuu zangu,

Juzi, baada ya sala za jioni, kijana mmoja wenu alinifuata mpaka nyumbani. Padri amemwambia ajiandae kwenda kusomea uinjilisti, na tangu siku hiyo usingizi umempaa. Aliniamkia, akakaa mkekani, akainamisha kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Babu, sistahili."

Sikuharakisha kumtia moyo. Nilimwuliza, "Unadaiwa nini?" Akashtuka. Nitawaambia kwa nini niliuliza hivyo, na mwenyewe ameniruhusu niyaseme haya bila kumtaja.

Kwanza Musa, maana habari yake wengi mnaisoma mkikimbilia fimbo na nyoka. Alipoitwa penye kijiti kilichowaka moto alikuwa mzee wa miaka 80, akichunga kondoo za mkwewe, na nyuma yake kulikuwa na maiti ya Mmisri aliyoifukia mchangani kwa mikono yake. Akaleta hoja tano. Aliuliza yeye ni nani hata aende kwa Farao, akauliza ataje jina gani akiulizwa nani kamtuma, akasema hawatamwamini, akasema ulimi wake ni mzito. Kwa hizo nne zote Mungu hakukasirika. Alizijibu moja moja, kama baba anayemfundisha mwanawe kushika jembe. Tena litazameni jibu la ile ya kwanza: hakumwambia Musa kwamba ni hodari, wala hakumkumbusha elimu aliyoipata Misri. Alimwahidi kwamba atakuwa pamoja naye, basi. Hata ule ulimi mzito hatusomi mahali kwamba ulifanywa mwepesi. Hasira iliwaka kwenye hoja ya tano, Musa alipoomba atumwe mtu mwingine. Nne zile zilikuwa hofu. Ya tano ilikuwa kukataa. Na hata katika hasira hiyo alipewa Haruni awe msemaji wake.

Kwa hiyo ulizeni, lieni, semeni mnaogopa. Ninachowaonya ni ile hoja ya tano ikivishwa nguo za unyenyekevu.

Mimi niliivisha. Nilikuwa na miaka 24, nikifundisha dini kwa kujitolea, padri wa wakati huo aliponiambia anataka kupeleka jina langu kwa askofu nikasomee ushemasi. Nilimjibu kwamba sistahili, na kanisa zima likanisifu. Wazee walinitolea mfano mbele ya wenzangu. Hawakujua kwamba mwaka ule kaka yangu alikuwa amefariki, mimi ndiye niliyeuza korosho zake, na fungu la mjane wake nimelila. Shemeji nilimwambia bei ilikuwa mbaya. Nilifahamu vizuri kwamba nikiukubali wito, ama nitapiga magoti mbele ya askofu na fedha za mjane tumboni, ama nitazirudisha. Kuzirudisha sikutaka. Neno "sistahili" lilikuwa kweli tupu, lakini mimi nililifanya kufuli la mlango.

Miaka 17 niliishi hivyo. Mwishowe nililipa, kwa misimu mitatu ya korosho. Siku ya fungu la mwisho shemeji alizihesabu mbele yangu, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaniambia, "Nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nakungoja." Padri yule alikuwa ameshazikwa. Nikapewa ukatekista, nami naupenda mpaka leo. Lakini kuna vijiji viwili ng'ambo ya mto vilivyokaa miaka hiyo yote bila mtu wa kuwafundisha watoto wao sala, na watoto hao sasa ni watu wazima. Nikikutana nao njiani tunaamkiana vizuri. Mimi ndiye ninayepita nikiwa na uzito.

Ndiyo maana nikamwuliza kijana anadaiwa nini. Isaya alipomwona Bwana hekaluni alipiga kelele kwamba midomo yake ni michafu. Hakuna aliyembishia. Malaika alichukua kaa la moto madhabahuni kwa koleo, akamgusa palepale alipopataja, mdomoni. Baada ya hapo ndipo ikasikika sauti ikiuliza nani atumwe, na Isaya akajitolea. Kutakaswa kulitangulia kutumwa, na kaa la moto si kitu cha kuchezea. Mwanangu, ukisema hustahili, taja ni wapi, ugeuze uso upande huo, ukubali kuungua. Kama ni deni, lilipe. Kama ni binti wa watu uliyemwacha na mimba, nenda kwao.

Wapo kati yenu wasio na deni lolote ila asili yao: waliozaliwa nje ya ndoa, waliolelewa kwa kuombaomba, walioishia darasa la nne. Kwenu nina neno jingine. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, Sultani alimpa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, mwaka 1879 aliwekewa mikono kuwa shemasi. Kisha Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akawa padri mwaka 1890, naye akahudumu Chitangali, huku kwetu kusini. Hawa walikuwa wameshapimwa thamani na wanadamu, wakatajiwa bei. Soko la watumwa la Mkunazini, huko Unguja, lilifungwa mwaka 1873, na pale pale likajengwa kanisa. Imani mnayoiita ya babu zenu ilipita mikononi mwa watu kama hao, nanyi mnanitajia darasa la nne!

Njaa nayo mnaiogopa, na hofu hiyo siidharau. Posho ya mwinjilisti ni ndogo na mara nyingine haiji. Limeni. Paulo alishona mahema.

Asiyeogopa kabisa ndiye anayenitisha. Nawaona siku hizi: leo kaota ndoto, kesho kabandika picha yake barabarani na cheo cha nabii, keshokutwa anauza maji. Hakuna aliyemfungia wala kumwombea. Barnaba na Sauli wenyewe hawakujituma. Kanisa la Antiokia lilifunga, likaomba, likawawekea mikono. Wito wako upeleke kwa padri, kwa wazee, kwa mama yako anayekujua ukikasirika. Wakikuambia ngoja, ngoja. Kungoja ukiwa umeagizwa ni utii. Mimi nilingoja nikiwa nimejificha.

Kijana wangu alikaa kimya sana baada ya swali lile. Kisha alinitajia jina la mtu, na kiasi. Si kidogo kwa umri wake. Nikamwambia habari ya shemeji yangu kama nilivyowaambieni, naye akalia, nikamwacha alie. Jumamosi alfajiri tutaondoka wawili kwenda kwa huyo mtu, naye atabeba nusu aliyonayo na kuahidi tarehe ya iliyobaki. Nitakaa nje barazani wakati anazungumza. Akitoka, kwa padri si mbali.